Dubai: Watoto wa mbio za ngamia na deni kwa jamaa za wafugaji

Katika uwanja wa mbio za ngamia wa Al Marmoom, nje ya jiji la Dubai, jambo la kwanza linalomshangaza mgeni ni kile kilichopakiwa mgongoni mwa mnyama. Si mtu. Ni roboti ndogo ya kilo chache tu, iliyovishwa rangi za mwenye ngamia, yenye mjeledi unaozungushwa kwa rimoti na redio ya upepo inayotoa sauti ya bwana wake. Bwana mwenyewe yumo ndani ya gari linalokwenda sambamba na ngamia pembezoni mwa uwanja, akipaza sauti, akibonyeza kitufe, akimsihi mnyama aongeze mwendo.

Hadi mwaka 2005 mahali pa roboti hiyo palikuwa pa mtoto. Baadhi ya watoto hao walikuwa na umri wa miaka mitano au sita, wengine hata chini ya hapo. Walitoka Pakistan, Bangladesh, Mauritania na Sudan, na wengi wa wale wa Sudan walikuwa watoto wa jamaa za wafugaji wanaohamahama katika majimbo ya mashariki, karibu na mpaka wa Eritrea. Tarehe 8 Mei mwaka 2005 serikali ya Umoja wa Falme za Kiarabu ilitia saini mkataba na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, wa kuwarudisha makwao. Zaidi ya watoto 1,000 walirudishwa katika mwaka uliofuata.

Habari ya kurudishwa kwao ilitangazwa sana wakati ule. Lililofuata baadaye halikutangazwa kwa kiasi hicho, nalo ndilo lenye mafunzo mengi zaidi: nchi iliyowatumia watoto ilikubali kugharimia huduma katika jamii zilizowatoa. Ni nadra jambo hilo kutokea. Wafanyakazi wangapi wa Afrika Mashariki wamerudi kutoka nchi za Ghuba wakiwa wagonjwa au mikono mitupu, na kijiji kikabaki kuwa peke yake cha kuwauguza?

Mbio zilizokuwa msaada kwa Mabedui

Ili kuelewa kwa nini mtoto wa mfugaji wa Kassala alifikishwa kwenye mchanga wa Dubai, ni lazima kuanza na Mabedui wenyewe wa Dubai, kwa maana mbio hizo ziliwanufaisha wao kwanza.

Kabla ya mafuta, watu wa pwani hii waliishi kwa lulu, samaki, tende na ngamia. Wanaume wengi walikwenda kuzamia lulu wakati wa kiangazi, kisha wakarudi kwenye mitende na mifugo majira ya baridi. Biashara ya lulu iliporomoka baada ya mwaka 1929, mdororo wa uchumi wa dunia ulipokutana na lulu za kufugwa za Japan. Umaskini ulioingia pwani uliwafikia pia watu wa jangwani. Sensa ya kwanza ya eneo zima, iliyofanywa mwaka 1968, ilihesabu watu wapatao 180,000 tu, na Dubai yenyewe haikufikisha 60,000.

Dubai ilianza kuuza mafuta nje mwaka 1969, na umoja wa falme ukaundwa tarehe 2 Desemba 1971. Serikali mpya zilifanya haraka kuwatuliza Mabedui mahali pamoja. Zilijengwa nyumba za bure za saruji, ambazo wenyeji waliziita sha'biya, yaani nyumba za umma. Vijana waliajiriwa jeshini na polisi. Shule, zahanati na maji ya bomba vilifuata. Katika himaya ya Dubai, mahali kama Lahbab, kando ya barabara ya kwenda Hatta, pakawa makazi ya kudumu ya watu ambao babu zao walifuata malisho. Mwaka 1992 ukaanzishwa Mfuko wa Ndoa, unaompa kijana raia anayemwoa raia mwenzake ruzuku ya dirhamu 70,000 akidhi masharti. Mwaka 2008 Dubai iliunda mamlaka yake yenyewe ya maendeleo ya jamii.

Mipango hiyo ilifanikiwa kwa kipimo cha kawaida: watoto walisoma, vifo vya wachanga vilipungua, hema likatoweka. Lakini Bedui aliyepewa nyumba alikuwa bado na ngamia, na ngamia hakuwa tena na kazi. Gari lilichukua mizigo, duka likachukua nafasi ya maziwa. Mfugo uliokuwa uhai wa jamaa ukawa gharama.

Hapo ndipo mbio zilipopewa sura mpya. Zamani ngamia walishindanishwa kwenye harusi na sherehe nyingine, wakipandwa na vijana wa ukoo wenyewe. Tangu miaka ya 1980 zikawa mashindano yenye viwanja rasmi, ratiba ya kuanzia Oktoba hadi Aprili, na zawadi zinazotolewa na watawala: fedha taslimu, magari ya fahari, panga zilizonakshiwa kwa dhahabu. Shirikisho la mbio za ngamia la nchi hiyo liliundwa mwaka 1992. Fedha hazikuishia kwenye zawadi. Mfugaji mdogo aliyebahatika kuzalisha ndama mwenye kasi angeweza kumuuza kwa sheikh kwa bei ya kubadili maisha ya jamaa nzima. Kwa njia hiyo utajiri wa mafuta ulitiririka hadi kwenye mazizi ya makabila bila mtu yeyote kuonekana kana kwamba amepewa sadaka. Mtu angeweza kusema kuwa ulikuwa mpango wa maendeleo ya jamii usiobandikwa jina hilo, tena wenye heshima kuliko mingi inayobandikwa.

Elimu nayo iliingia humo. Dubai ilifungua kituo cha uzazi wa ngamia mwishoni mwa miaka ya 1980, na tarehe 8 Aprili 2009 alizaliwa huko Injaz, ngamia wa kwanza duniani aliyetokana na kunakiliwa chembe hai. Sayansi yote hiyo kwa ajili ya mnyama ambaye miaka 40 kabla alikuwa akibeba kuni.

Mpandaji mwepesi

Zawadi zilipopanda, uzito wa mpandaji ulishuka. Kijana wa ukoo mwenye kilo 50 alimpunguzia ngamia mwendo katika mbio za kilomita nne hadi nane. Watoto raia walikuwa shuleni, na hakuna mzazi wa Dubai aliyekuwa tayari kumtoa mwanawe kwa kazi hiyo. Wamiliki na wakufunzi wakaanza kutafuta watoto wa nje, wa kilo 20 au pungufu.

Mawakala waliwapata kwa njia mbalimbali. Kusini mwa Punjab nchini Pakistan, katika wilaya kama Rahim Yar Khan, baadhi ya familia ziliahidiwa mshahara wa kila mwezi. Watoto wengine waliibwa. Wengine walisafiri na watu waliojifanya wazazi wao, majina yao yakiwa yameandikwa katika pasi za watu hao. Baadaye maofisa walilazimika kutumia vipimo vya vinasaba ili kutambua nani ni mzazi wa kweli. Kwa upande wa Sudan mambo yalikuwa na sura nyingine, nayo itaelezwa.

Maisha ya kambini, kwenye mazizi yaliyojulikana kama izba, yalielezwa mara nyingi na watoto wenyewe waliporudi. Waliamka kabla ya alfajiri kuwafanyisha ngamia mazoezi. Chakula kilipunguzwa kwa makusudi wasiongezeke uzito. Walianguka, na ngamia anayekimbia nyuma hasimami. Majeraha ya kichwa, ya uti wa mgongo na ya sehemu za siri yalikuwa ya kawaida.

Sheria haikukosekana. Marufuku ya kwanza ilitangazwa mwaka 1993. Nyingine ikatolewa mwaka 2002, ikikataza wapandaji walio chini ya umri wa miaka 15 au chini ya kilo 45. Zote mbili zilipuuzwa mchana kweupe, na waliozipuuza walikuwa watu wenye uwezo wa kuzitekeleza kama wangetaka.

Watu wa mashariki ya Sudan

Majimbo ya Kassala, Gedaref na Bahari ya Shamu ni nchi kavu inayoanzia milima ya pwani hadi bonde la mto Atbara. Wenyeji wake wa kale ni Wabeja, wenye makundi kama Wahadendowa, Wabishari na Waamarar, wafugaji wa ngamia na mbuzi wanaosema lugha yao, Bedawiyet. Miongoni mwao wanaishi Warashaida, Waarabu waliovuka Bahari ya Shamu kutoka Hijazi katikati ya karne ya 19. Warashaida wako Sudan na Eritrea, wanasema Kiarabu kinachokaribiana na cha watu wa Ghuba, na ni mabingwa wa kuzalisha ngamia wa mbio.

Ubingwa huo ndio uliofungua njia. Ngamia wa Sudan walinunuliwa na wafanyabiashara wa Ghuba, na pamoja nao walikwenda wachungaji na wakufunzi. Baba aliyepata kazi zizini alifuatwa na mdogo wake, kisha na mwanawe. Safari ya mtoto ilipita ndani ya ujamaa, mkononi mwa mjomba au ami, bila mnunuzi kutoka nje kuingia kijijini. Kwa hiyo neno usafirishaji haramu, lililotumiwa na wanasheria, halikueleweka kirahisi na wazee wa huko. Mtoto wa mfugaji huanza kuchunga akiwa na miaka mitano. Amekwenda kuchunga mbali zaidi, basi. Hiyo ndiyo hoja iliyotolewa, na ilikuwa na nguvu kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli. Nusu ya pili ni kwamba mchungaji mdogo nyumbani hanyimwi maziwa ili abaki mwepesi.

Umaskini wa watu hao una historia. Katika miaka ya 1920 serikali ya kikoloni iligeuza delta ya mto Gash kuwa mashamba ya pamba, na Wahadendowa wakapoteza malisho yao ya kiangazi. Mwaka 1964 lilikamilishwa bwawa la Khashm el-Girba kwenye mto Atbara, na ardhi iliyomwagiliwa ikawapokea Wanubi waliohamishwa kwa ajili ya bwawa la Aswan. Wafugaji walioitumia ardhi hiyo wakasogezwa pembeni. Ukame wa mwaka 1984 na 1985 uliua sehemu kubwa mno ya mifugo ya Wabeja, na maelfu wakaishia kwenye vibanda vya pembezoni mwa Port Sudan na Kassala. Warashaida, kwa kuwa walifika baadaye, hawakuwa na ardhi ya jadi inayotambuliwa kuwa yao. Katika utaratibu wa kikabila wa Sudan, ambamo nazir, omda na sheikh hupata nguvu kutokana na ardhi wanayoisimamia, asiye na ardhi ana sauti ndogo.

Katika hali hiyo mshahara wa mtoto anayepanda ngamia Dubai au Abu Dhabi uliweza kununua mbuzi, kulipa mahari, au kuchimba kisima.

Mwaka 2005

Kilichobadilisha mambo ni mashinikizo ya pande kadhaa kwa wakati mmoja. Mwanasheria wa Pakistan, Ansar Burney, alikuwa ameendesha kampeni kwa miaka, na mwezi Oktoba 2004 televisheni ya HBO ya Marekani ilionyesha filamu iliyopigwa kwa siri ndani ya kambi za ngamia. Mwezi Juni 2005 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, katika ripoti yake ya kila mwaka kuhusu usafirishaji haramu wa binadamu, iliishusha nchi hiyo hadi daraja la tatu, la chini kabisa. Kwa jiji lililokuwa likijitangaza kwa wawekezaji na watalii, aibu hiyo ilikuwa na bei.

Mwezi Julai 2005 ilitolewa sheria ya shirikisho inayokataza wapandaji walio chini ya miaka 18, ikiwa na adhabu ya kifungo na faini. Mwezi huohuo majaribio ya roboti yalifanyika. Qatar ilikuwa imetangulia, ikitumia roboti zilizobuniwa na kampuni ya Uswisi; zile za mwanzo zilikuwa nzito na za gharama, kisha mafundi wakatengeneza nyingine nyepesi kwa kutumia mota ya drili ya kawaida. Tatizo lililosemekana kuwa sehemu ya utamaduni, lisiloweza kuondolewa bila kuumiza urithi wa Mabedui, likapata dawa katika misimu michache. Mbio hazikufa, wala ngamia hawakupoteza kasi.

Watoto walikusanywa katika vituo maalumu, wakapimwa afya na kutambuliwa, kisha wakasafirishwa. Mwaka 2006 Marekani iliipandisha nchi hiyo hadi orodha ya uangalizi ya daraja la pili. Mwezi Septemba mwaka huo wazazi wa baadhi ya watoto walifungua kesi katika mahakama ya Florida dhidi ya viongozi wa Dubai, akiwemo Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, mtawala wa Dubai tangu mapema mwaka 2006. Kesi hiyo ilitupiliwa mbali mwezi Julai 2007 kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza.

Kati ya kufunguliwa kwa kesi na kutupwa kwake, awamu ya pili ya mkataba na UNICEF ilitangazwa. Falme za Kiarabu zilitenga dola milioni 9 za Marekani, kiasi kilichozidi mara kadhaa kile cha awamu ya kwanza, na muda ukasogezwa hadi mwezi Mei 2009. Wachambuzi wanaweza kubishana kuhusu nia. Lakini muundo wa awamu hiyo unastahili kuangaliwa kwa makini.

Fedha zimfikie nani?

Waliopanga walikabiliwa na swali ambalo kila mpango wa kuwasaidia wafugaji hulikuta. Mtoto amedhulumiwa, ni mtoto anayestahili fidia. Lakini mtoto wa miaka tisa hawezi kupewa fedha mkononi. Anayepokea ni baba, na katika visa vingine ni baba huyohuyo aliyempeleka. Fidia ikiwa nono, je, haitakuwa malipo ya mwisho ya biashara ileile?

Kuna jambo la pili, ambalo halikusemwa sana hadharani. Katika kambi moja ya wafugaji waliishi jirani wawili, wote maskini. Mmoja alimpeleka mwanawe Ghuba, mwingine akakataa. Yule wa kwanza alipata mshahara kwa miaka, kisha akapata fidia. Wa pili, aliyefanya lililo sawa, hakupata kitu, na mifugo yake ilikufa kwa ukame uleule. Mpango unaowalipa waliotoa watoto pekee humwonyesha jirani huyo kwamba alikosea.

Kwa sababu hizo mkataba uligawanywa katika mikono miwili. Mkono mmoja ulikuwa fidia kwa mtoto, ukizingatia madhara aliyoyapata, na mlango ukafunguliwa pia kwa waliokuwa wamerudi makwao kabla ya mwaka 2005. Mkono wa pili ulikuwa huduma kwa jamii nzima, kwa yule aliyempeleka mtoto na kwa yule aliyekataa: elimu, njia za kipato na ulinzi wa watoto, zikisimamiwa pamoja na serikali za nchi husika. Nchini Sudan kazi hiyo ilipitia Baraza la Taifa la Ustawi wa Mtoto. Katika Punjab, idara ya ulinzi wa mtoto iliyokuwa imeundwa Lahore mwaka 2004.

Mgawanyo huo ulikuwa wa busara, ingawa una udhaifu wake. Kisima ni cha wote, lakini mgongo uliovunjika ni wa mtoto mmoja. Darasa jipya lililojengwa Kassala halimsaidii kijana ambaye amekuwa na kifafa tangu alipoanguka uwanjani. Na jamii ikishapata kisima, ni rahisi kwa wakubwa wote, wa Dubai na wa nyumbani, kusema kwamba deni limelipwa, na yule kijana akabaki bila mtu wa kumdai.

Kisima cha asiye na kijiji

Ugumu mwingine ulitokana na neno jamii lenyewe. Mipango mingi ya maendeleo huchorwa kwa kufuata ramani: kijiji hiki shule, kile zahanati. Mfugaji anayehama hayumo katika ramani hiyo, au yumo kwa miezi minne tu ya mwaka. Mrashaida asiye na ardhi ya jadi akichimbiwa kisima, kisima hicho kinakuwa katika ardhi inayodaiwa na Mhadendowa, na hapo maji huweza kuwa chanzo cha ugomvi kabla hayajawa chanzo cha uhai. Shule ya kudumu nayo hudai mtoto abaki, ilhali jamaa wanahama. Na mtoto akiachwa kwa ndugu wa mjini ili asome, amerudishwa katika hatari ileile ya kukabidhiwa kwa ndugu wa mbali.

Afrika Mashariki imepambana na tatizo hilo kwa njia kadhaa, na ni vyema kuzitaja kwa kuwa zinaonyesha lililowezekana. Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwaka 1998 ulianzishwa mpango wa elimu mbadala unaojulikana kwa kifupi ABEK. Masomo yaliwekwa asubuhi mapema na jioni, ndani ya makazi ya wafugaji, ili mtoto achunge na asome. Msichana aliruhusiwa kuja na mdogo wake mgongoni. Kenya iliunda mwaka 2013, kwa sheria yake ya elimu ya msingi, baraza maalumu la elimu ya wahamahamaji, NACONEK.

Kuhusu fedha, mpango wa Kenya wa kupambana na njaa katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, uliozinduliwa mwishoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Uingereza, ulichagua kumpa mtu fedha moja kwa moja kila baada ya miezi miwili. Fedha hazikai kijijini zikisubiri mwenye nazo arudi kutoka malishoni. Huifuata kadi yake, na kadi humfuata yeye. Katika awamu ya kwanza zilijaribiwa njia tofauti za kuchagua wanufaika, moja ikiwa ni kuwalipa wazee wote waliotimiza miaka 55, nyingine ikiwaachia wanajamii wenyewe waamue nani ni maskini zaidi. Kila njia ilikuwa na walalamikaji wake, kama ilivyotarajiwa. Lakini angalau swali la nani apokee liliulizwa waziwazi, tena likaulizwa kwa wafugaji wenyewe.

Mashariki ya Sudan haikuwa na muda wa kufanya majaribio ya namna hiyo. Awamu ya pili ilikuja wakati eneo lenyewe likitoka vitani. Wapiganaji wa Kongresi ya Beja na wa Simba Huru, kundi la Warashaida, walikuwa wameungana mwaka 2005 katika Mrengo wa Mashariki, na tarehe 14 Oktoba 2006 walitia saini mjini Asmara mkataba wa amani na serikali ya Khartoum. Mkataba huo uliahidi mfuko wa ujenzi mpya wa mashariki wenye dola milioni 600 kwa miaka mitano. Zikilinganishwa na hizo, fedha za Falme za Kiarabu, tena zilizogawanywa kwa nchi nne, zilikuwa tone. Hata hivyo ahadi kubwa ilichelewa, ikapungua njiani, na wafugaji wakaendelea kulalamika kwamba walichokiona ni kidogo.

Baada ya mwaka 2009

Mpango ulipomalizika, hesabu ya watoto waliorudishwa ilijulikana. Hesabu ya waliomaliza shule, waliotibiwa wakapona, au waliorudi Ghuba kwa njia nyingine, haikutangazwa kwa ukamilifu unaolingana. Hilo si la ajabu: mkataba ulikuwa na mwisho, na jamaa za wafugaji huhama. Lakini Falme za Kiarabu zilikuwa na uzoefu wa kutosha nyumbani kwao kujua inachukua muda gani kumsimamisha mfugaji kwa miguu yake. Kwa Mabedui wa Lahbab na Hatta ilikuwa kazi ya kizazi kizima, yenye nyumba, ajira, ruzuku na, juu ya yote, uraia ulioandikwa katika kitabu cha familia. Jamaa za watoto waliopanda ngamia za Mabedui hao zilipewa miaka minne.

Aliyekuwa na miaka sita mwaka 2005 sasa amepita miaka 25. Wale wa Sudan walikuwa vijana wakati vita vilipozuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, na Kassala na Gedaref, ambazo hazikuwahi kuwa na maji ya kuwatosha wenyeji, zikapokea mamia ya maelfu ya wakimbizi wa ndani. Biashara ya ngamia nayo ilivurugika, kwa kuwa njia za kuwafikisha sokoni ziligawanywa na pande zinazopigana.

Katika mazizi yanayozunguka uwanja wa Al Marmoom, wengi wa wanaowalisha ngamia, kuwaogesha na kuwafunga zile roboti ni wanaume wa Sudan na Pakistan. Ni watu wazima na wana mikataba. Visa zao ni za mwajiri, na familia zao ziko kulekule walikotoka.